Deni la Nani?

Wahenga walisema penye nia pana njia. Mwaka 2020 methali hiyo ilipimwa. Mwezi Machi serikali ya Uganda ilifunga shule zote kwa sababu ya Korona, na masomo hayakurejea kikamilifu hadi Januari 2022. Vipindi vilihamia redioni, kwenye televisheni na intaneti. Mjini Jinja, penye bwawa la umeme lililofunguliwa mwaka 1954, mwenye simu na pesa za intaneti aliweza kusoma. Lakini juu ya Mbale, kwenye miteremko ya Mlima Elgon, nyumba nyingi hazikuwa na umeme.

Tumfikirie mwalimu wa huko aliyenakili maswali kwa mkono, akapanda mlima kwa miguu kuwapelekea wanafunzi, kisha akarudi kusahihisha. Je, alitimiza wajibu au alifanya hisani?

Katiba ya Uganda ya 1995 inasema elimu ni haki ya kila mtu. Basi kwa mtoto ile karatasi haikuwa zawadi. Ilikuwa haki yake. Hata hivyo, mdaiwa hakuwa mwalimu, ilikuwa serikali. Mwalimu alilipa deni la mwingine, na anayekulipia deni hajalifuta. Sasa unadaiwa naye.

Tukimsifu tu, tunasahau kijiji cha pili, ambako mwalimu aliugua au alichoka. Watoto wa huko haki yao haikupungua. Nia alikuwa nayo mwalimu. Njia ilikuwa deni la serikali.