Mnyweshaji Aliyesahau

Soma Mwanzo 40:14, 15, 23 na 41:1, 9–13. Kwa nini miaka miwili ilipita kabla mkuu wa wanyweshaji hajamtaja Yusufu?

Kwa kawaida tunajibu kwamba hakuwa na shukrani, kisha tunaendelea na fungu linalofuata. Lakini litazame tena fungu la 9. Siku alipofungua kinywa mbele ya Farao, ilimbidi aanze na makosa yake mwenyewe, kisha ataje hasira ya mfalme juu yake. Hakukuwa na njia ya kumtaja Yusufu bila kumkumbusha Farao kwamba yeye naye alikuwa mfungwa. Maandiko yanasema alisahau, na mtu husahau upesi lile analoona aibu kulikumbuka.

Mama aliyetoka gerezani analijua jambo hili. Anatamani majirani wasahau alikokuwa, ili watoto wake wasichekwe shuleni na yeye apate kibarua. Akisimama hadharani kuwatetea waliobaki ndani, anaiacha salama yake.

Susan Kigula wa Uganda alifanya hivyo. Mwaka 2002 alihukumiwa kunyongwa kwa mauaji ya mumewe, kosa alilolikana. Wakati huo sheria ilimlazimisha jaji kutoa hukumu ya kifo kwa kila aliyepatikana na hatia ya kuua kwa kukusudia, bila kupima mazingira ya kosa. Kigula akiwa katika gereza la Luzira, jina lake lilitangulia katika shauri la kikatiba lililobeba wafungwa wengine 417. Mwaka 2009 Mahakama ya Juu ya Uganda iliamua kwamba ulazima huo unapingana na Katiba. Adhabu ya kifo haikufutwa, ila tangu hapo jaji sharti amsikilize mtu kabla ya kupanga adhabu yake. Akiwa bado ndani, Kigula alisomea sheria kwa masafa katika Chuo Kikuu cha London. Alitoka mwaka 2016, na badala ya kujificha akaendelea kusema dhidi ya adhabu ya kifo.

Hapa pana ugumu. Mahakama haikumtangaza kuwa hana hatia. Ilimpunguzia adhabu tu. Na miongoni mwa wale 417 bila shaka walikuwamo walioua kweli. Yusufu ni rahisi kumtetea, maana hakutenda lolote. Je, aliyetenda naye ana haki ya kutufundisha habari za haki? Makanisani tumezoea kumpa mama wa namna hii nafasi ya kutoa ushuhuda wa toba, tuseme amina, kisha aketi. Akianza kuzungumzia dhamana, ukosefu wa mawakili, na mahabusu wanaosubiri kesi zao kwa miaka, tunatazama saa. Nami nimewahi kuitazama yangu.

Mnyweshaji alikiri makosa. Hata hivyo habari aliyoileta ilikuwa ya kweli, na Farao hakuuliza kwanza kama mleta habari alistahili kusikilizwa. Alituma watu gerezani mara moja (Mwanzo 41:14).

Soma Waebrania 13:3. Kuna tofauti gani kati ya kuwapelekea wafungwa sabuni na kuwakumbuka kana kwamba tumefungwa pamoja nao?

Jadilini darasani: Kama mama aliyetoka gerezani angejiunga na kanisa lenu Sabato ijayo, ni huduma gani mngempa bila kusita? Ni ipi mngeona vigumu kumpa, na kwa nini?