Ni Nani Aliyemlaani Mtoto Huyu?

Maandiko: Yohana 9:1-3, Walawi 19:14, Marko 7:31-37



Miaka kadhaa iliyopita mama mmoja alipanda matatu Bungoma akaja hapa Kitale kwa mkutano wetu wa injili, mtoto mgongoni. Mtoto hakusikia tangu azaliwe. Niliweka mikono, nikashika maiki, nikakemea laana ya ukoo wa mama. Mtoto hakusikia neno. Aliyesikia vizuri ni mama mkwe. Waliporudi nyumbani, maneno yangu yakawa ushahidi: hata pasta amesema ni watu wa kwao.

Tangu hapo nimesoma kidogo kuhusu masikio. Ndani ya sikio kuna protini inaitwa otoferlini, ambayo hupitisha sauti kutoka chembe za sikio hadi kwa mshipa wa fahamu. Jeni yake ikiwa na kasoro, sauti inaingia lakini haifiki kwa ubongo. Huko Shanghai, Uchina, madaktari waligawa jeni hiyo vipande viwili, wakapakia kila kipande ndani ya virusi visivyodhuru, wakavidunga ndani ya sikio. Matokeo yalichapishwa Januari 2024: kati ya watoto 6, watano walianza kusikia. Nilimshukuru Mungu. (Jamani, mtu asiuze ng'ombe kwa sababu ya makala haya. Yale yalikuwa majaribio, na jeni hiyo inahusu sehemu ndogo tu ya watoto viziwi. Wengine hata hawakurithi. Ni homa ya uti wa mgongo.)

Ndugu mmoja aliposikia hayo akaniambia, "Pasta, si umeona? Iko kwa damu. Hiyo ndiyo laana yenyewe."

Hapana, ndugu. Kila mtoto hupokea nakala mbili za jeni hiyo, moja ya baba na moja ya mama. Mwenye nakala moja mbovu anasikia sawasawa, hata hajui anayo. Wewe unaweza kuwa nayo, na mimi pia. Wazazi wote wawili wakiwa nayo, kila mimba ina nafasi moja kati ya nne ya kuzaa kiziwi. Kwa hivyo, kama mtoto yule alirithi namna hii, nusu ya kile nilichokiita laana ya mama ilitoka upande wa mume, na hakuna aliyeikemea. Na dhambi iko wapi hapo? Wanafunzi walimuuliza Yesu ni nani aliyekosa, yeye au wazazi wake. Alikataa yote mawili.

Sisemi tuache kuombea viziwi. Lakini angalia Marko 7. Yesu alimtoa yule mtu kando na umati, akamgusa masikio na ulimi, mambo ambayo kiziwi angeweza kuona na kuelewa. Hakuuliza habari za ukoo. Na Walawi inakataza kumlaani kiziwi, ambaye hawezi kusikia akajitetea. Mimi nilifanya karibu hivyo, nikaita maombi.

Mwezi uliopita nilienda Bungoma. Nikaketi kwa mama mkwe, nikasema mbele ya wote kwamba nilikosea. Alinyamaza muda mrefu, kisha akaagiza chai. Mtoto siku hizi anasoma shule ya viziwi. Alikuja akanisalimia kwa mikono, nikakosa la kujibu. Ndugu yake mdogo ndiye alinitafsiria.