Saumu yangu na roho ya mwenzangu

Miaka hii Ramadhani imetukuta ndani ya joto la kaskazi. Mwaka 2025 karibu yote ilikuwa Machi, na anayefanya kazi juani hapa Dar es Salaam anajua Machi ni mwezi gani. Nilikuwa kwenye jengo la ghorofa, nikiendesha winchi ya kupandishia zege. Usiku ule sikula daku, usingizi ulinizidi.

Ilipofika saa tisa mchana mikono ilianza kutetemeka. Kijana mmoja Mlokole, aliyekuwa akipakia zege chini, aliliona hilo. "Shehe, kaa kivulini kidogo, nikushikie." Nikamjibu kwa ukali kwamba saumu ni baina yangu na Mola wangu, yeye haimhusu. Haikupita nusu saa kizunguzungu kikanishika, breki ikaniponyoka, na ndoo ya zege ikaanguka hatua moja tu kutoka pale aliposimama.

Hakuumia, alhamdulillahi. Lakini jibu langu limenikaa rohoni hadi leo. Ikiwa ndoo ingempata, bado ningesema haimhusu?

Wanachuoni wetu wa madhehebu ya Shafii walishalizungumza suala la wenye kazi nzito, kama wavunaji. Kazi haimpi mtu ruhusa ya kuamka anakula. Atatia nia usiku na ataanza kufunga. Ikimfika mashaka makubwa mchana, hapo anafungua, kisha atailipa siku hiyo. Nililijua hilo tangu madrasa. Sasa nilikuwa nang'ang'ania nini?

Niseme kweli: niliogopa kuitwa kobe. Niliogopa Waislamu wenzangu pale saitini kuliko nilivyomwogopa Aliyeniruhusu. Ibada ya namna hiyo sijui niiite jina gani.

Mwaka wa 8 Hijria, katika safari ya kuiendea Makka, Mtume (s.a.w.) aliambiwa kwamba saumu imewawia watu nzito. Aliagiza maji, akayainua watu wote wayaone, akanywa. Alipopata habari kuwa wapo waliobaki na saumu zao, aliwaita waasi. Si kwamba walikula, ndugu msomaji. Walifunga! Na katika safari nyingine, siku ya joto kali, waliofunga walianguka kwa uchovu, na wasiofunga wakasimamisha mahema na kuwanywesha wanyama. Mtume akasema ujira wa siku ile wameuchukua hao wasiofunga.

Kwa hiyo anayetusaidia kazini si wa kumkunjia uso. Wapo wasimamizi wanaodhani kumsaidia aliyefunga ni kumpa pole tu, kumbe ni kumtoa kwenye ngazi na mashine saa za mchana na kumpa kazi nzito asubuhi, tena bila kumkata posho. Nasi tuna wajibu wa kusema mapema, kabla mikono haijatetemeka. Mwenye sukari azungumze na daktari kabla mwezi haujaandama.

Kesho yake nilikwenda kwa msimamizi nikamweleza yote. Baada ya adhuhuri akawa ananiweka stoo kuhesabu nondo, na winchi akaishika yule kijana. Krismasi ilipofika alitaka kwenda kwao Tukuyu, nami nikamshikia zamu zake siku nne. Alirudi na mkungu wa ndizi, akaniambia, "Shehe, hizi zako, lakini leo kula daku."