Sitara si Siri: Mwenye Kifafa na Haki ya Kazi

Katika neno kifafa sikio la Mswahili husikia kitenzi kufa kikitajwa mara mbili. Mtu huanguka, hukakamaa, hutokwa na povu, hupotewa na fahamu. Kisha, baada ya dakika chache, huzinduka akawauliza waliomzunguka wanatazama nini. Wao wameona kifo kidogo. Yeye hakuona kitu. Hili ndilo fumbo la kwanza la maradhi haya: mwenye nayo ndiye pekee asiyeyashuhudia, na yote anayoyajua juu ya kuanguka kwake ameyasoma katika nyuso za wenziwe. Kesho yake huingia kazini kwa mikono ile ile na ujuzi ule ule, lakini nyuso zimekwisha kubadilika.

Hapo huzuka suala ambalo laonekana dogo, ingawa riziki za watu wengi zimefungamana nalo. Je, mwenye kifafa anayeomba kazi ana wajibu wa kusema? Fomu imewekwa mezani, na ndani yake pana swali kama mwombaji ana maradhi yoyote ya kudumu. Akiandika ndiyo, pengine hataitwa tena. Akiandika hapana, amesema uongo, na miaka yote atakayokaa kazini ataikaa akiingojea siku moja.

Wenye haraka hujibu kwa methali: mficha maradhi kifo humuumbua. Methali hiyo ni ya kweli kabisa kwa mgonjwa anayejificha na tabibu. Lakini mwajiri si tabibu. Halitaki jawabu ili amtibu mtu. Alitaka ili ajue kama amchukue au amwache, kama vile anunuaye ng'ombe afunguavyo kinywa kutazama meno. Na mfano huu wa mnada haukuchaguliwa kwa kumkejeli mwajiri. Una historia yake.

Hammurabi, mfalme wa Babeli, karibu miaka 3,700 iliyopita, aliweka katika sheria zake kwamba aliyenunua mtumwa, kisha mtumwa akashikwa na maradhi yaitwayo bennu kabla mwezi haujatimia, amrudishe kwa muuzaji na apewe fedha zake. Wataalamu wengi huyafasiri maradhi hayo kuwa ni kifafa. Unguja nako, mpaka soko la watumwa lilipofungwa mwaka 1873 katika zama za Sayyid Barghash, wanunuzi walikagua meno, viungo na mwendo wa binadamu kabla ya kutoa mali. Mtumwa alikuwa na aibu kwa maana ile ile ambayo kitambaa huwa na aibu. Fomu ya leo ya kuombea kazi haina mnyororo, na kuifananisha na soko lile ni kuwadhulumu waliouzwa pale. Hata hivyo swali limebaki lile lile, na wala hakuna aliyelikagua swali lenyewe.

Wanachuoni wa fiqhi walilitenganisha jambo hili zamani. Katika mauzo, muuzaji hulazimika kuitaja aibu ya bidhaa, na mnunuzi aliyefichwa ana hiari ya kuirudisha. Ijara ni jambo jengine. Kinachouzwa katika ijara ni manfaa, si nafsi. Anayemwajiri fundi hamnunui fundi. Ananunua uchongaji wake kwa muda waliopatana. Ikiwa ndivyo, basi wajibu wa kusema hauwezi kuenea katika mwili mzima wa mtu, bali huishia pale manfaa yanapoishia.

Msomaji na amfikirie mchonga milango ambaye huanguka mara moja katika miezi mitatu. Patasi zake ziko juu ya meza, mwenziwe yuko hatua mbili kando, na mlango utakamilika Jumatano badala ya Jumanne. Iko wapi aibu ya mlango ule? Hakuna mnunuzi atakayeiona katika maua ya nakshi. Huyu hana deni la kusema. Akisema, ni ihsani yake. Sasa na amfikirie dereva wa daladala, au nahodha, au mkwezi anayepanda mnazi akiwa na watoto wanaookota chini yake. Hapa kuanguka kwenyewe kumeingia ndani ya manfaa. Abiria amenunua kufika salama, na dereva anayejua kuwa fahamu zake huweza kumtoka barabarani, naye akanyamaza, anachezea roho zisizo zake. Huyu hawezi kuikimbilia haki ya kazi, kwa kuwa haki hiyo haijapata kujumuisha roho za wengine.

Sheria za nchi, kwa lugha yao kavu, zimekaribia pale pale. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya Tanzania Bara ya mwaka 2004 inakataza ubaguzi kazini kwa sababu ya ulemavu, lakini haiuhesabu kuwa ubaguzi ule utofautishaji unaotokana na mahitaji ya asili ya kazi yenyewe. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 ilikwenda mbali zaidi: iliitaja hali ya afya miongoni mwa mambo yasiyoruhusiwa kuwa sababu ya kumbagua mtu, na ilipoueleza ulemavu haikutaja tu hali inayomzuilia mtu shughuli zake za kila siku, bali pia ile ambayo sehemu kubwa ya jamii huiona kuwa inamzuilia. Maneno hayo yanastahili kusomwa mara mbili. Watunga katiba walikiri kwamba jicho la jirani laweza kumlemaza mtu ambaye mwili wake haukumlemaza.

Na jicho hilo lina nguvu nyingi hapa kwetu. Wapo wanaosema ni pepo, ingawa Ibn Sina aliyapanga maradhi haya pamoja na maradhi ya ubongo tangu karne ya 11. Wapo wanaoliogopa povu kwa kudhani kuwa linaambukiza. Daktari Louise Jilek-Aall, aliyeanzisha kliniki ya kifafa huko Mahenge, Morogoro, karibu na mwaka 1960, alikuta wagonjwa wenye makovu ya moto, kwa kuwa aliyeangukia jikoni aliogopwa kuguswa. Kifafa hakiambukizi. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu wapatao milioni 50 wanaishi nacho ulimwenguni, na kwamba hadi asilimia 70 wangeweza kuishi bila ya kuanguka kama wangechunguzwa na kutibiwa ipasavyo. Fenobabitoni, dawa rahisi ambayo bado hutolewa katika hospitali zetu, ilianza kutumika kwa maradhi haya mwaka 1912. Kwa hiyo yule anayesita mbele ya fomu huenda ni mtu ambaye hajaanguka kwa miaka mitatu. Je, huyo ni mgonjwa? Akijibu kuwa ndiye, hatasadikiwa kuwa anaweza kazi. Akijibu kuwa siye, hatapewa ruhusa ya kwenda kuchukua dawa. Bunge la Marekani lililazimika kurekebisha sheria mwaka 2008 ili kutamka kwamba maradhi yanayokuja na kuondoka huhesabiwa kwa jinsi yanavyokuwa pale yanapokuja, maana kabla ya hapo mahakama zilikuwa zikiwanyima watu hifadhi kwa sababu dawa zao zimewafaa.

Lakini kusema kwamba mchonga milango hana wajibu wa kusema si kusema kwamba kunyamaza kunamfaa. Siri ina ada yake, na hutozwa mwilini. Mwenye kuficha humeza vidonge chooni, na siku ambayo choo kina watu, havimezi. Hukubali zamu ya usiku hotelini kwa kuogopa kuulizwa sababu, ilhali kukosa usingizi ni miongoni mwa mambo yanayokichochea kifafa. Hukosa miadi ya kliniki. Hatimaye huanguka kwa ajili ya siri iliyokusudiwa kumkinga, tena huanguka mbele ya watu wasiojua la kufanya: mmoja anamtia kijiko kinywani, mwengine anamkandamiza mikono, wa tatu amekimbia. Kumbe inayotakiwa ni kumwondolea vitu vya kumuumiza, kumlaza ubavu, kutomtia chochote kinywani, kutazama saa, na kumpeleka hospitali hali ikizidi dakika tano. Mambo hayo hufundishika kwa mchana mmoja.

Mwajiri naye si lazima awe dhalimu. Mwenye mkahawa anayeitazama karai ya mafuta yanayochemka, kisha akamtazama mpishi wake, ana haki ya kuogopa. Kosa lake huanza pale hofu inapomwonyesha mlango tu, asione kwamba jikoni mna meza ya kukatia mboga, na dirisha la kupokelea fedha, na zamu ya asubuhi. Kumhamisha mtu kutoka kwenye karai hadi kwenye meza si sadaka. Ni kuyapanga manfaa aliyoyanunua pale yanapopatikana.

Iko hadithi iliyopokewa na Bukhari na Muslim ambayo watu wa pwani huijua, ila husimuliwa zaidi kwa ajili ya subira. Mwanamke mmoja mweusi alimwendea Mtume (S.A.W.) akamweleza kwamba huanguka, na akianguka hufunukwa nguo, akaomba aombewe. Akapewa hiari: asubiri apate Pepo, au aombewe apone. Akachagua kusubiri, lakini akarudi kwenye lile la kufunukwa, akaomba aombewe asifunukwe. Akaombewa.

Masheikh husimama kwenye subira yake, na wana haki. Liko jengine la kutazamwa. Mwanamke huyu alijua kupambanua mambo mawili ambayo wengi wetu tumeyachanganya: kuanguka, na kufunuliwa. La kwanza alikuwa tayari kuishi nalo. La pili hakuwa tayari. Na ambalo halisemwi sana ni hili: habari hiyo ilifika kwa sababu Ibn Abbas, miaka baadaye, alimwonyesha mwanafunzi wake Ata mwanamke yule yule kwa kumwashiria. Alikuwa anajulikana. Watu walijua kuwa huanguka, na hawakuacha kumheshimu. Alikuwa na sitara bila ya kuwa na siri.

Siri hulindwa na mtu mmoja, naye huchoka. Sitara hulindwa na walio kando yake: ni ile khanga inayotupwa juu ya aliyeanguka, ni mwili wa mwenzio unaosimama kuwakinga watazamaji, ni kuendelea na kazi alipoamka bila ya kumwuliza mara kumi kama kweli yu mzima. Mtu akiahidiwa sitara huweza kuitoa siri yake. Kumdai siri kwanza, sitara ije baadaye kama itakuja, ni kumtaka avue nguo barazani kwa ahadi ya kushonewa nyengine.

Sheria zilizotajwa hapo juu huwafikia wenye mikataba, nao si wengi katika visiwa hivi. Muuza maandazi hana mwajiri wa kumshitaki. Wala mkulima wa mwani hana. Mwanamke mwenye kifafa anayelima mwani huingia baharini bamvua linapokupwa, na maji yanayomfika magotini yatosha kumzamisha akianguka kifudifudi. Kwake mjadala wa fomu ni mchezo wa watu wa mjini. Hawezi kuwaficha wenziwe, maana siri hapa ni mauti. Lazima awepo mmoja anayefunga kamba karibu naye, jicho moja kwenye mwani na jicho moja kwake, na anayejua kumwinua kichwa kabla ya yote. Huo ni wajibu ambao hakuna aliyeuandika popote. Lakini mwani hununuliwa kwa kilo, na mwenye jicho moja kwenye kamba hafungi kamba nyingi kama mwenye mawili. Mizani ufukweni haina mahali pa kulipima jicho lile jengine, na mwisho wa mwezi mwenziwe hurudi nyumbani na kilo pungufu.