Kumzika Asiye na Jina

Mgeni akitaka kuujua mji, wenyeji humwonyesha majumba, soko na bandari. Mwanza nayo ina vya kuonyesha: mawe makubwa yaliyokaa vilimani na majini, mwalo wa Kirumba wenye dagaa na sangara, reli iliyofika kutoka Tabora mwaka 1928. Lakini Maandiko Matakatifu hayaupimi mji kwa majengo yake. Huupima kwa jinsi unavyomtendea mgeni, mjane na maskini. Kwa kipimo hicho, atakaye kuijua Mwanza na aifuate barabara ya Musoma hadi Igoma, akasimame makaburini.

Tarehe 21 Mei 1996, meli ya MV Bukoba, iliyokuwa ikitoka Bukoba, ilipinduka na kuzama ikiwa imekaribia Mwanza. Meli hiyo ilikuwa ya kubeba abiria 430. Waliokufa peke yao walitajwa kuwa mamia kupita idadi hiyo. Abiria wa daraja la kwanza na la pili walikuwa wameandikwa majina. Wa daraja la tatu, yaani maskini walio wengi, hawakuandikwa popote. Kwa hiyo miili ilipotolewa majini, hapakuwa na daftari la kuwataja. Wengi walizikwa Igoma, na miongoni mwao wapo ambao hawakutambuliwa na yeyote.

Tufikiri vema maana yake, ndugu wasomaji. Asiyejulikana jina hajulikani kabila lake wala dini yake. Hajulikani kama alikuwa mtu wa sala au mlevi, mwenye deni au mwenye akiba. Hata hivyo alipewa kaburi, kwa sababu alikuwa mtu. Ndivyo alivyofanya Tobiti katika nchi ya uhamisho, alipowazika ndugu zake waliotupwa nje ya kuta za Ninawi, naye akahatarisha mali na uhai wake. Kanisa limeiweka kazi hiyo miongoni mwa matendo saba ya huruma ya kimwili.

Wazee wa Usukuma hawakuhitaji kufundishwa hayo upya. Kijijini msiba haukuwa wa nyumba moja. Jembe liliwekwa chini, watu wakaenda kuchimba kaburi, wanawake wakabeba kuni, maji na unga. Aliyekaa kwake siku hiyo bila sababu alihesabiwa kuwa amejitenga na wenzake.

Je, sisi wa leo tumeushika urithi huo? Igoma imejaa watu waliotoka Magu, Kwimba, Sengerema, Ukerewe, Mara na Kagera. Wamepanga vyumba, mlango ukitazamana na mlango, na pengine miaka miwili hupita mpangaji asijue jina la jirani yake. Kifo kikiingia katika chumba kimoja, huanza maswali. Ni wa wapi? Yumo katika daftari la jumuiya? Alikuwa akitoa mchango? Jibu likiwa hapana, wapo Wakristo wanaojifungia ndani, wakimwacha mjane na watoto wake watafute mbao za jeneza peke yao.

Watu hawa hujitetea kwa kusema kwamba bila michango na taratibu jumuiya haiwezi kusimama. Ni kweli, na anayejitenga kwa uvivu hutenda vibaya. Mchungaji wake na amwonye angali hai. Lakini maiti haionyeki, na mjane hana hatia. Sheria ya Kanisa ya mwaka 1983 imewataja katika kanuni ya 1184 wale wanaonyimwa mazishi ya Kikanisa. Haikumtaja aliyechelewa kutoa mchango. Tena kanuni ya 1181 yaagiza kwamba katika mazishi pasiwe na upendeleo, wala maskini wasikoseshwe mazishi yanayowastahili. Juu ya ibada, yamwangukia padre kuamua. Juu ya kuchimba kaburi, kuchota maji na kukaa na wafiwa, hakuna wa kutupa ruhusa ya kukataa, hata kama marehemu hakuwa Mkatoliki, hata kama hakuwa Mkristo.

Daftari ni kitu chema likitumika kuwatafuta watu. Likitumika kuwaacha, limegeuka kuwa kama orodha ya meli ile, ambayo maskini hawakuandikwa. Mungu hakuwasahau wale wa daraja la tatu kwa sababu karani hakuwaandika. Wala hatamsahau jirani yetu kwa sababu katibu wa jumuiya hakumwona.

Basi yatupasa kuanza kabla ya kifo. Kila nyumba ya Kikristo hapa Igoma na iujue kwa jina mlango unaoitazama. Viongozi wa jumuiya waende kwa mgonjwa asiyeandikwa kama waendavyo kwa aliyeandikwa. Msiba ukitokea, twende kwanza, maswali yaje baadaye. Na siku ya kuwaombea marehemu wetu, tusisimame kwenye makaburi ya jamaa zetu tu. Twende pia kwa wale wa MV Bukoba, tuwaombee wasio na mtu wa kuwataja.

Siku ya mwisho Bwana wetu hatatuomba kadi ya mchango. Atatuuliza habari za mgeni, naye mgeni huyo alikuwa Yeye mwenyewe. Heri mji wa Mwanza, ukiwa na jibu la kumpa.