Mkristo Anunue Bastola Gani?

Tumfikirie mtu mmoja wa Buseresere, wilayani Chato. Ana duka la vifaa vya wachimbaji kando ya barabara kuu: karai, sululu, kamba, tochi za kichwani. Ana mke na watoto wanne. Ameweka akiba, si kubwa, naye ameazimia kununua bastola. Haulizi kama ni halali mbele ya Mungu. Neno hilo amekwisha kulikata moyoni mwake. Auliza moja tu: kwa fedha hii niliyo nayo, ninunue ipi?

Huenda msomaji atastaajabu kuona ukurasa huu wapokea swali la namna hiyo. Sisi twaona kwamba lastahili kujibiwa, tena kwa heshima, kwa kuwa ndani ya hesabu ya fedha ya mtu huyu limejificha swali la dhamiri ambalo yeye adhani ameshalimaliza.

Kwanza, wanaoishi mbali na machimbo wasiicheke hofu yake. Dhahabu ya Geita yajulikana tangu 1898, zamani za Wajerumani. Mgodi wa kale ulifungwa 1966, na mgodi mkubwa wa sasa ulianza kazi 2000. Lakini kuuzunguka mgodi huo wako wachimbaji wadogo wasiohesabika, wenye maduara na makarasha yao, na fedha yao ni fedha taslimu. Buseresere na Katoro zimeshikana hata mgeni hajui ni wapi amevuka mpaka wa wilaya. Jirani wa leo, kesho yuko Nyarugusu au Rwamgasa, ameifuata rashi mpya. Na mwingine amekwisha kupanga chumba kile kile, wala hakuna ajuaye atokako. Upande wa magharibi iko misitu ya Biharamulo, ambako kwa miaka mingi mabasi yalisindikizwa na polisi wenye bunduki. Vita ya Kagera ya 1978 na 1979 iliacha silaha mikononi mwa watu wasiostahili kuwa nazo. Maangamizi ya Rwanda ya 1994, yaliyosukuma watu zaidi ya laki mbili kuvuka daraja la Rusumo kwa muda wa siku moja hivi, yaliziongeza. Mtu akifunga duka lake saa tatu za usiku mahali kama hapo, akasikia pikipiki ikizima nyuma yake, hofu yake si ya kitoto.

Wala Kanisa halimkatalii. Ni kweli kwamba Mtakatifu Agostino, akimwandikia Publicola, alisema kuwa haipendi shauri la kumwua mtu ili mwenyewe usiuawe, isipokuwa wewe ni askari au una kazi ya kuwalinda wengine. Mababa wengine walifikiri hivyo pia. Lakini Mtakatifu Tomaso wa Akwino alilichambua jambo kwa makini zaidi. Tendo moja, asema, laweza kuzaa mambo mawili: moja ulilolikusudia, na jingine lililo nje ya kusudi lako. Anayejilinda akusudia kuuponya uhai wake. Mauti ya mshambuliaji yakitokea, hayakuwa shabaha yake. Ila akitumia nguvu kupita inavyohitajika, tendo lake lawa haramu. Katekisimu yetu imeyafuata mafundisho hayo, tena yaongeza kwamba kwa yule aliyekabidhiwa uhai wa wengine, kama vile baba wa familia, kuwalinda kwaweza kuwa wajibu mzito. Hata sisi makasisi tulifikiriwa: Mkusanyo wa Sheria za Kanisa wa 1917 ulitukataza kuchukua silaha, isipokuwa pale palipo na sababu ya haki ya kuogopa. Waliotunga sheria ile walijua ya kuwa wako mapadre wanaosafiri porini.

Basi, kwa kuwa halali yake haikatazwi moja kwa moja, na tumjibu alivyouliza.

Wajuzi wa silaha husema kwamba kwa mtu asiye na fedha nyingi wala mazoezi mengi, bastola ya silinda, ile iitwayo rivolva, yafaa kuliko ile ya magazini. Ina risasi tano au sita ndani ya silinda inayozunguka. Risasi moja ikigoma, avuta tena kifyatulio na nyingine yaja mahali pake, hana haja ya kuhangaika na mitambo gizani. Asitamani iliyo ndogo sana na nyepesi kwa sababu yaingia mfukoni; hiyo hurusha mkono kwa nguvu, na mtu ambaye hajazoea hupoteza shabaha. Asinunue kuukuu ambayo silinda yake yachezacheza, maana tundu la risasi lisipokabiliana sawasawa na mtutu, vipande vya risasi huruka pembeni na kumdhuru mpigaji mwenyewe. Tena ajihadhari na zile za kale ambazo nyundo yake hukaa juu ya risasi bila kizuizi, kwani ikianguka sakafuni yaweza kulia yenyewe. Na asichukue ya kipimo kigeni, hata ikiwa ya bei ya chini, akaja kukosa risasi zake madukani. Hilo ndilo jibu. Bastola ya silinda, nzima, yenye uzito wa kutosha, ya kipimo cha kawaida.

Sasa twamwomba atulie nasi kidogo, kwa maana hesabu yake haijaisha.

Tomaso Mtakatifu alisema nguvu iwe ya kiasi. Kanuni ya Adhabu ya nchi yetu yasema vivyo hivyo: mtu ana haki ya kujilinda yeye na mwenzake na mali yake, lakini kwa nguvu ya kadiri inayolazimu. Wengi wetu twalisikia neno hili “kiasi” kana kwamba ni hali ya moyo, kwamba mtu mpole atakuwa na kiasi na mtu mkali hatakuwa nacho. Sivyo. Mwenye bastola, usiku wa manane, ametoka usingizini, moyo wapiga kama ngoma. Kiasi chake wakati huo ni ufundi wa mkono na jicho. Ni kujua nani amesimama mlangoni. Ni kujua risasi ikikosa itakwenda wapi, na katika nyumba nyingi za Buseresere, zilizojengwa ubavu kwa ubavu, nyingine kwa mabati na mbao, yajulikana itakwenda wapi: chumbani kwa jirani. Ni kuweza kutopiga. Ufundi huo haupatikani ila kwa mazoezi, na mazoezi hula risasi, na risasi hununuliwa. Kisha lahitajika sanduku la chuma lenye kufuli, lililoshikizwa ukutani, mtoto asilifikie. Zahitajika ada za leseni, na nauli za kwenda na kurudi wilayani.

Mtu wetu amehesabu bei ya bastola. Fedha yake yatosha bastola na risasi chache za kuijaza. Kwa hiyo anunua nguvu, lakini kile kiasi ambacho bila yeye kukijua kingeifanya nguvu hiyo kuwa halali, hakimo katika bajeti yake. Hapo ndipo twaona neno la dhamiri. Maskini hanyimwi haki ya kulinda watoto wake. Mungu apishe mbali tusiseme hivyo, kana kwamba kujilinda ni kwa matajiri. Twasema tu kwamba chombo hiki kimoja hakinunuliki nusu. Panga lisilonolewa ni panga butu. Bastola isiyofanyiwa mazoezi ina makali yale yale, ila haijulikani itamkata nani.

Liko na jambo jingine, la ndani zaidi. Tomaso asema kusudi ndilo lipambanualo. Lakini kusudi la mwenye bastola haliundwi usiku ule wa hatari. Huundwa mapema, siku anapoishika dukani na kuipima mkononi. Na ajiangalie siku hiyo aona picha gani. Je, awaona watoto wake wamesalimika? Au amwona mwizi ameanguka, na majirani wamekusanyika, wakimsifu? Picha ya pili ikimjia mara nyingi kuliko ya kwanza, hata bastola ya bei yoyote haitamfaa.

Sheria ya Musa, katika Kitabu cha Kutoka, yapambanua jambo hili kwa namna ya ajabu. Mwizi akikutwa akivunja nyumba usiku, akapigwa akafa, hakuna hatia ya damu. Lakini jua likiwa limekwisha kumchomozea, hatia ipo. Kwa nini? Kwa sababu mchana waweza kumwona uso, waweza kuita watu, waweza kujua kama ataka roho yako au kuku wako. Mwenye silaha hana budi kujiuliza daima kama jua limechomoza. Tena nyumbani mwetu hatari zote hazitoki nje. Mwaka 2022, jijini Mwanza, mume alimwua mkewe kwa bastola, na habari ile ilisikika nchi nzima. Silaha iliyo ndani ya nyumba imo siku za amani na siku za ugomvi, siku mtu ana akili zake na siku amekunywa.

Buseresere yenyewe ina kumbukumbu yake. Mwezi wa Februari 2013, ugomvi juu ya nani achinje mnyama wa kitoweo uligeuka kuwa ghasia, na mchungaji mmoja wa Kikristo aliuawa. Siku chache baadaye, huko Zanzibar, Padre Evarist Mushi alipigwa risasi akienda kuadhimisha Misa ya Dominika. Wakati ule hasira ilikuwa nyingi pande zote. Tufikiri tu, kama siku ile ya ghasia kila mwenye duka wa Buseresere, Mkristo kwa Mwislamu, angekuwa na bastola kiunoni, tungezika wangapi?

Juu ya silaha ya magendo tutasema maneno machache. Mwenye fedha kidogo hakosi kunong’onezewa kuwa iko ya bei rahisi, haina karatasi. Asiiguse. Hajui imekwisha kumwaga damu ya nani, na akikamatwa nayo hataweza kueleza. Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya 2015 yamtaka mwombaji apitie ngazi za usalama kuanzia kwa viongozi wa mahali anapokaa, nasi twaona safari hiyo, ijapokuwa yachosha, ni nafasi ya watu wanaomfahamu kusema kama moyo wake watosha.

Wazee wa Usukuma na Unyamwezi watatukumbusha kwamba swali hili liliwahi kujibiwa kwa njia nyingine. Miaka ya mwanzo ya 1980, majambazi wenye bunduki walipoutesa mkoa wa Shinyanga, wanakijiji wasio na fedha hawakuuliza kila mtu peke yake anunue nini. Walianzisha Sungusungu kwa pinde, mishale na filimbi. Mwano ulipopigwa, kila mwanamume alitoka, na asiyetoka alitozwa faini. Wezi wa ng’ombe walikimbia, na Serikali nayo ikaja kuwatambua kwa sheria ya 1989. Hatuwasifu bila kipimo: walipiga watu, walitesa, na damu ya vikongwe waliosingiziwa uchawi ilimwagika mikononi mwa baadhi yao. Lakini walifahamu jambo moja ambalo mwenye duka wetu amelisahau, kwamba jirani atokaye akisikia yowe ni ulinzi ambao hakuna duka liuzalo. Je, yeye ajua majina ya majirani zake watano? Wao wangetoka? Yeye angetoka?

Tena, kabla ya kununua cha kulindia fedha, na aitazame fedha yenyewe. Tangu 2019 yako masoko ya madini yenye ulinzi, benki zipo, wakala wa fedha za simu yuko kila kona. Mtu anayelala na mauzo ya juma zima chini ya godoro, naye wafanyakazi wake wote wajua, amewatengenezea majambazi safari. Bei ya kuliondoa godoro katika hatari hiyo ni ndogo sana kuliko bei ya rivolva.

Wako watakaotujibu kwa Injili ya Luka, kwamba usiku ule wa mwisho Bwana wetu aliwaambia wasio na upanga wauze vazi lao wanunue. Twaijua aya hiyo, na twakiri kwamba ndiyo pekee katika Injili isemayo habari ya kununua silaha kwa mfuko mtupu. Lakini isomwe mpaka mwisho. Mitume walionesha panga mbili; kwa watu kumi na mmoja waliozungukwa na kikosi, akasema zatosha. Saa chache baadaye upanga mmoja ulitumika, na mkono uliotumia ulikuwa mkono wa mvuvi asiye na mazoezi: alilenga mtu, akakata sikio la mtumwa. Bwana wetu aliliponya sikio lile, akaamuru upanga urudishwe alani.

Basi mwenye duka wetu afanye hivi. Akiba yake aigawe kwanza: mlango wa chuma, taa ya nje, akaunti ya benki. Aende kwa balozi wake na kwa majirani, wapatane juu ya filimbi na zamu. Ikiwa baada ya hayo aona bado hatari ipo na fedha imebaki, aandike bei ya bastola, chini yake bei ya sanduku, chini yake bei ya mafunzo na ya risasi za mazoezi kwa mwaka mzima, ajumlishe. Kisha karatasi hiyo amwoneshe mkewe, maana ndiye atakayelala chumba kimoja na kitu hicho, na amwulize kama akubali. Akikataa, amsikilize kwa nini.