Ewe Mkubwa, Usile Jasho la Msaidizi Wako

Ndani ya gari la rali huketi watu wawili, na anayeshangiliwa ni mmoja. Wa pili ni mwelekezi. Ameinamia daftari lenye kila kona na kila mteremko wa njia waliyoikagua kabla, naye humsomea dereva kwa sauti huku gari likiruka mashimo. Akiruka mstari mmoja, roho mbili ziko hatarini. Wakishinda, linalotangulia kutajwa ni jina la dereva. Waliokwenda Naivasha tangu Safari Rally irudishwe kwenye ubingwa wa dunia mwaka 2021 wameiona kazi hiyo kwa macho yao.

Jean Todt, Mfaransa aliyezaliwa mwaka 1946, alianzia kiti hicho. Mwaka 1981 yeye na dereva wake Guy Fréquelin walikosa kidogo ubingwa wa dunia, lakini timu yao ya Talbot ikautwaa ule wa watengenezaji magari. Peugeot wakamkabidhi timu yao ya mashindano, akawaletea ubingwa wa rali mwaka 1985 na 1986, ushindi wa mbio za Dakar mara nne mfululizo, kisha wa mbio za Le Mans. Mwezi Julai 1993 akaingia Ferrari. Timu hiyo ya langalanga haikuwa imetoa dereva bingwa tangu mwaka 1979.

Hapo ndipo ninapompenda. Aliwaleta dereva Michael Schumacher na wahandisi Ross Brawn na Rory Byrne, tena aliwakinga watu wake. Mwaka 1996 magari yalipoharibika mbio baada ya mbio na magazeti ya Italia yakataka afukuzwe, lawama alizibeba yeye, wala hakuwatupia mafundi. Schumacher naye akasimama upande wake. Ubingwa wa dereva ulikuja mwaka 2000, baada ya kungoja miaka saba. Kiongozi anayekubali kutukanwa kwa niaba ya watu wake huwapata watu wasiomkimbia, na hilo hakuna mshahara unaolinunua.

Lakini mgema akisifiwa, tembo hulitia maji. Mei 2002, nchini Austria, Schumacher alikuwa ameshinda mbio nne kati ya tano za mwanzo wa msimu. Siku hiyo mwenzake Rubens Barrichello ndiye aliyekuwa na kasi: alianza wa kwanza na akaongoza hadi kona ya mwisho. Amri ikatoka kwamba ampishe Schumacher. Akapunguza mwendo mita chache kabla ya mstari, akapitwa. Mwaka uliotangulia, katika uwanja huohuo, alikuwa ameamriwa amwachie nafasi ya pili. Watazamaji wakazomea. Schumacher, kwa aibu, akampandisha Barrichello kwenye ngazi ya mshindi, na shirikisho la magari duniani, FIA, likawatoza faini ya dola milioni 1 kwa kuvuruga sherehe ya zawadi. Tangu mwaka 2003 amri za namna hiyo zikapigwa marufuku kwa miaka kadhaa.

Mkuu wa timu alikuwa Todt. Wapo wanaomtetea kwamba Barrichello alijua tangu mwanzo nani anatangulizwa pale Ferrari. Nakubali kwamba alijua. Lakini si kila unachoruhusiwa na mkataba ni uungwana, na zilikuwa zimebaki mbio kumi na moja. Timu haikuwa na shida ya zile pointi. Aliyewahi kukaa kiti cha pili alimpokonya wa pili siku yake.

Tazama tofauti na Dakar ya mwaka 1989. Ari Vatanen na Jacky Ickx, wote wa Peugeot, walikuwa wakifukuzana jangwani kiasi cha kuhatarisha magari yote mawili. Todt akarusha sarafu kuamua nani atangulie. Vatanen akapata, Ickx akatii. Wengi walikasirika, ila mimi naona sarafu ile ilikuwa na haki kuliko amri ya Austria: hatari ilikuwa ya kweli, na kila mmoja alikuwa na nafasi sawa ya kupata au kukosa.

Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Todt aliiongoza FIA kuanzia mwaka 2009 hadi 2021, tangu 2015 ni mjumbe maalumu wa Umoja wa Mataifa wa usalama barabarani, na hajaacha kumtembelea Schumacher tangu ajali ya kuteleza kwenye theluji ya Desemba 2013. Uaminifu wake kwa rafiki haupingiki. Ndiyo maana kosa lake linafaa kutufunza: mtu mwema pia huweza kumpenda mmoja hadi akamdhulumu mwingine.

Nasema nawe, ndugu yangu uliyepewa cheo. Ripoti aliyokesha nayo kijana wa chini yako usiisome kikaoni kana kwamba ni yako. Fundi mkuu, mwenye nyumba akisifu ukuta, mtaje saidia fundi aliyeunyoosha, tena akiwa anasikia. Na kama kuna uliyempokonya siku yake, yuko hai na unajua anapokaa. Nenda ukamwombe radhi, kisha mbele ya wale waliokusifu wewe, useme kazi ile ilikuwa ya nani.